Jina la Lubasha

Kitendawili! Shati moja, kalivaa mjomba, kalivaa mpwa, wala halifuliwi. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni jina, wajukuu zangu.

Kwetu huku milimani Uluguru, mwenye jina akifa, ukoo humvisha jina hilo mtoto wa dada yake. Naye hulipokea pamoja na yote aliyoyatenda marehemu, mema na maovu. Ndivyo mdogo wangu Halidi alivyoacha kuitwa Halidi, akawa Lubasha.

Basi ukatangazwa mhadhara mjini Morogoro. Dokta Jonathan, mtu wa kuja, mwandishi wa maisha ya watu wa kale, angemzungumzia Lubasha wa kwanza. Tukaalikwa. Nikamwambia mdogo wangu, "Twende, japo tukanywe soda za bure."

Jamani, yule Dokta anajua kusimulia! Akatueleza Lubasha alivyofunga kwa nje mlango wa nyumba ya mahasimu wake, akawasha nyasi za paa. Aliyepenya alipokewa kwa panga la shingo. Mama mmoja akamrusha mwanawe dirishani. Mtoto akadakwa kwa mkuki.

Mbele yangu mgongo wa mtu ulikuwa unatetemeka. Nikamtambua: Severini, muuza ndizi wa kijiji cha pili. Waliochomwa ni ukoo wa mama yake.

"Na leo tuna bahati!" Dokta akasema, anatabasamu. "Mrithi wa jina yupo hapa. Mzee Lubasha, hebu tuambie, kwa nini uliwachoma?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nikamshika mdogo wangu kanzu. "Halidi, kaa chini."

"Halidi ndiye nani, dada?"

Akaenda mbele, akapokea kipaza sauti.

"Walininyima maji ya mto," akasema. "Nikawachoma. Na yule mtoto nilimdaka mimi mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Dokta akajikohoza. "Mzee wetu ana utani..."

"Utani gani?" Severini alishasimama. "Mimi ndiye niliyechomwa!"

Akanyakua kiti cha chuma. Mdogo wangu alikiona kinakuja, wala hakuinua mkono. Kikampata juu ya sikio. Nilisikia mfupa ukipasuka, na mpaka leo nausikia. Alipoanguka, Severini akampiga tena usoni, na tena, mpaka damu ikaruka kwenye karatasi za Dokta. Ndipo watu wakamvamia Severini, wakamkanyaga hadi meno yake yakabaki sakafuni. Dokta amejibanza ukutani anapiga kelele, "Ni historia tu! Ni historia tu, ndugu zangu!"

Nikampakata mdogo wangu. Jicho moja halikuwepo tena.

"Sema hukuwa wewe," nikamlilia. "Sema tu, wasikie, yaishe."

"Nikisema si mimi, dada, wale watu watakuwa wamechomwa na nani?"

Akakata roho kabla gari halijafika. Severini wakamchukua polisi, hana fahamu.

Baada ya arobaini wazee wa ukoo wakaja kwangu, wakamtaka Pazi, mwanangu wa pekee. Nikakataa. Nikapiga magoti, mzee mzima mimi, nikawaambia jina hilo walifukie na mwenyewe.

"Jina haliachwi chini, bibi wewe," wakanijibu.

Wakamkalisha kwenye mkeka, wakamvika kanzu, wakamwita, "Lubasha!"

"Naam," akaitika.

Wageni hawajamaliza pilau, namwona anatoka uani na panga, anashika njia ya kwa kina Severini. Nikamkimbilia, nikalikamata panga palepale kwenye makali.

"Pazi! Mwanangu! Unakwenda wapi?"

Akalivuta. Vidole vikanichanika, damu ikamwagikia kanzu yake mpya. Hata hakuitazama.

"Niachie, dada," akasema. "Wale watu wameniua."