Asubuhi Bila Maua

Kila alfajiri Adoch alichuma maua bustanini kwake Makindye, akayapeleka kwenye hekalu la Wahindu karibu na Nakivubo. Siku moja Bhavin, mjukuu wa tajiri aliyelijenga hekalu, alimsimamisha langoni akitabasamu.

"Mama, kesho usilete maua."

Bhavin hakuwa mtu wa kutabasamu. Adoch akaingia kumtafuta kuhani, mzee Harshad, akamkuta akifunga begi.

"Bhavin amenilipia safari ya Jinja, niende harusini," mzee alisema kwa furaha. "Kesho kuhani mwingine atanishikia zamu."

"Kuhani gani huyo anayefanya ibada bila maua, Panditi? Mimi nimekatazwa kuleta."

Mzee aliketi. Kisha akamweleza jambo ambalo Adoch hakulijua. Marehemu babu yake Bhavin aliusia kwamba kodi ya maduka yaliyo mbele ya hekalu igharimie hekalu na ibada zake, na Bhavin alipokataa kuitoa, mahakama ilimlazimisha. Lakini ibada ikikosekana hata siku moja, maduka yanarudi kwa warithi.

"Basi usiende," alisema Adoch.

Kulipokucha, Bhavin alifika na wakili wake. Walikuta kengele inalia, taa zinawaka, na Adoch anapanga maua mbele ya miungu. Bhavin aliduwaa, kisha akainama kumwamkia mzee kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

Jioni akamletea boksi la halua. Mzee alilipokea kwa mikono miwili na kushukuru, lakini hakuna aliyeionja.