Upande wa Kushoto

Shemeji alipoitua amplifaya ya kwaya juu ya meza, alisema ina ugonjwa mmoja tu.

"Kitufe cha sauti kinakwaruza. Ukikigusa kinakohoa kama babu. Naifuata Ijumaa, na usinizungushe kama unavyowazungusha wenzangu."

"Mimi simzungushi mtu, shemeji. Nawafundisha uvumilivu."

Shemeji huyo alikuwa mke wa kaka yake fundi, na alikuwa mwalimu wa kwaya. Yeye fundi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Daktari, kwa sababu kabla ya kufungua redio au televisheni aliinamisha kichwa kwenye spika, akafumba macho, akakisikiliza chombo kifua. Mngurumo mzito ulimwambia kapasita imechoka. Mkwaruzo mkavu ulimwambia waya umeachia. Kwa miaka thelathini na minane hakuhitaji zaidi ya hapo. Mita ya kupimia umeme alikuwa nayo, lakini ililala kwenye droo chini ya vitambaa.

"Muziki haupimwi kwa sindano," alipenda kusema. "Unasikilizwa."

Maneno hayo alikuwa akimrushia Mama Mita, mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye karakana pale kona, ambaye hakugusa chombo chochote bila kukipima kwanza. Amplifaya hii ilikuwa imepita mikononi mwake mwaka uliotangulia.

Kitufe kilikuwa na vumbi tu. Daktari alikipulizia dawa, akakizungusha mara ishirini, kikanyamaza. Lakini alipoweka kanda ya kwaya ili aijaribu, akiwa ameketi katikati ya spika mbili, alisikia jambo ambalo hakuulizwa. Kulia, waimbaji wa sauti ya kwanza walipaa vizuri. Kushoto, wanawake walewale walikuwa kama wanaimba chini ya blanketi.

Fundi mwingine angefunga kifuniko akanywa maji. Daktari hakuweza. Alizibadilisha spika, ya kushoto akaiweka kulia na ya kulia akaileta kushoto. Blanketi likabaki kushoto. Basi spika ni nzima, akajiambia, ubovu umo ndani ya amplifaya. Akaifungua, na pale upande wa kushoto akaona matone manene ya risasi ya kuchomea, kazi ya Mama Mita. Akampigia shemeji simu.

"Yule mama yako wa pale kona ameichomea hii kama anaziba ufa wa ukuta. Upande mmoja ameuua."

Alisema nusu kwa utani, na nusu kwa raha ambayo hakutaka kuichunguza. Ila shemeji hakuwa na utani na vyombo vya kwaya. Kabla ya saa sita alikuwa amepita kona, na akarudisha habari kwa simu: "Nimemwosha kwa maneno mbele ya wateja wake, shemeji. Kabaki mdomo wazi."

Siku mbili zilizofuata Daktari alifanya kazi. Alibadilisha transista mbili, kisha kapasita, kisha kapasita nyingine zenye nguvu zaidi. Blanketi lilipungua kidogo tu. Alhamisi mchana, akiwa amekasirika kiasi cha kuongea na bisibisi, alifanya jaribio ambalo angepaswa kulifanya kwanza. Alichomoa waya mbili nyuma ya amplifaya akazipishanisha, ili ule upande aliouita mbovu uimbie spika ya kulia. Sasa blanketi halina budi kuhamia kulia.

Halikuhama.

Alikaa akiitazama ile mashine. Spika alishazihamisha. Waya alishazihamisha. Ni nini hakijahamishwa?

Mlango ulifunguka nyuma yake, mkewe akaingia na kikombe cha chai. Daktari akageuka mwili mzima kukipokea, mgongo ukaelekea spika, na hapo hapo blanketi likaruka. Spika iliyokuwa nzima ikazibwa, na iliyokuwa imezibwa ikaanza kuimba.

Akageuka tena mbele. Akageuka nyuma. Chai ikamwagika kwenye sahani.

"Unacheza?" mkewe akauliza.

"Sema kitu. Upande huu."

Mkewe akasogea kushoto kwake, akasema kitu. Daktari aliona midomo, akasikia mvumo.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwaka na zaidi. Kwani hujaona mezani nimehamia kulia kwako?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," mkewe akasema. "Nilikwambia upande ule."

Alicheka, naye Daktari akacheka, halafu akaacha. Mkewe akamwachia kikombe, akatoka polepole.

Daktari akapiga hesabu. Ukimtoa mkewe, hakuna aliyejua. Angeweza kufunga kifuniko, na Ijumaa shemeji angemsifu mtaa mzima kwamba Daktari ameponya alichokiua Mama Mita. Akikiri, kesho nani atamletea redio fundi wa kusikiliza asiyesikia? Kuhusu sikio, alijua angelizoea. Lakini kila alipojaribu kuusahau mdomo wa Mama Mita ulioachwa wazi mbele ya wateja, aliuona vizuri mno.

Akakusanya vipande alivyovitoa, akavifunga kwenye karatasi, akaikumbatia amplifaya kifuani.

Karakana ya Mama Mita ilijaa kelele. Televisheni tatu ziliwaka ukutani, wateja wanne walikuwa kwenye benchi. Yeye mwenyewe hakuinua macho.

"Karibu, Daktari. Umekuja kunimalizia?"

"Nimekuja unipimie hii."

"Nipime nini? Si niliiua?"

"Hukuiua. Ilikuwa nzima. Kibovu ni sikio langu la kushoto."

Mama Mita akamtazama, akavuta amplifaya, akaunganisha mita yake kwanza upande mmoja kisha wa pili. Alipima mara mbili, kama kawaida yake.

"Sasa haiko nzima," akasema. "Kushoto kumezidi. Umeiongezea makali mpaka ingetoboa watu masikio kanisani. Vyangu uliviweka wapi?"

Daktari akafungua karatasi. Mama Mita akavihesabu kwa ncha ya kidole, akasukuma kiti cha pili karibu na meza.

"Hivi nitavirudisha sasa hivi. Lakini mzee wangu, aliyenivua nguo mbele ya watu ni shemeji yako. Mimi siwezi kumwendea nikajisafisha mwenyewe."

"Ndiyo maana sikumpigia nikiwa nyumbani."

Akatoa simu, akaiweka sikio la kulia. Shemeji akapokea akiwa mazoezini, watu wakiimba nyuma yake.

"Shemeji, niko kwa Mama Mita. Nilikosea. Kazi yake ilikuwa safi."

"Nini? Sikusikii! Amefanya nini tena huyo?"

Wateja wanne walikuwa wanamtazama. Mama Mita alishika kifaa chake cha kuchomea bila kukisogeza.

Daktari akavuta pumzi, akarudia, kwa sauti iliyomfanya hata fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ainue kichwa.