Mashine Ilipozimwa Teshie

Korkoi alipanga kila kitu isipokuwa mahindi.

Nafasi ya kusomea uzamivu katika teknolojia ya vihisi ilikuwa moja tu, na Profesa Anim wa Kumasi alikuwa amebakiza waombaji wawili, wa mwisho kusikilizwa akiwa Korkoi. Alitaka kuona kwa simu ya video jinsi kihisi cha Korkoi kinavyosikia maji yanayovuja ardhini. "Si maabara," alisema. "Nionyeshe wanakoishi watu." Korkoi akachagua majuma ya marufuku ya ngoma kabla ya sikukuu ya mavuno ya Homowo, wakati Teshie, mji wao wa pwani nchini Ghana, haina ngoma wala spika, na hata makanisa huimba kwa sauti ya chini.

Akasahau kwamba majuma hayohayo ndipo kila mwanamke husaga mahindi ya kpokpoi, chakula cha sikukuu hiyo. Mashine ya kusaga ni ya mama yake, Dedei, na bomba la maji analolishuku kuvuja limepita nyuma ya mashine hiyo.

"Umeota meno ukiisikia mashine hii," Dedei alimpigia kelele juu ya ngurumo. "Leo ndiyo umeisahau?"

"Mama, profesa yuko hewani. Kihisi hakisikii kitu ila nyie."

"Nyie nani?"

"Wewe na mashine."

Dedei akaitazama foleni ya wanawake. Mabeseni ya mahindi yaliyolowekwa yalifika getini, na njia panda kulikuwa na mashine nyingine iliyokuwa ikiwasubiri wateja wa Dedei kwa hamu. Akazima.

"We Dedei!" Lamiley, jirani yake, aliruka. "Nusu ya mahindi yangu imo humo!"

"Hayataota mbawa. Kaeni. Mwanangu yuko kwenye mtihani."

"Mtihani gani wa kusikiliza mchanga?"

"Wa kuwa daktari."

"Atatibu nini?"

"Mabomba."

Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega. "Basi aanze na ukuta wangu," Lamiley alisema, "unatoka jasho tangu Krismasi." Kisha akatia pindo la kanga yake mdomoni, akaling'ata asicheke tena.

Hakuna aliyebeba beseni kwenda njia panda. Mmoja alimpa mtoto ziwa kabla hajalia. Dedei hakuwahi kumwona Lamiley kimya hivyo, hata mazikoni.

Korkoi alikisogeza kihisi ardhini, hatua kwa hatua, simu mkononi. Karibu na ukuta wa Lamiley taa ya kihisi ikawaka.

"Nitajuaje ni maji?" profesa aliuliza.

Dedei hakungoja kuambiwa. Alichukua jembe, akachimba mpaka shimo likajaa maji na miguu yake ikalowa. Wanawake wakapunga kanga hewani bila kutoa sauti.

"Umati wote huo umenyamaza," profesa alisema. "Umewafanya nini?"

"Sijafanya kitu, Profesa. Wamekuja kusaga mahindi. Wamenisubiri."

"Kifaa chako nimekiona. Na mahali pa kukifanyia kazi nimepaona. Nafasi ni yako, Korkoi. Barua itafuata."

Korkoi akachuchumaa palepale kwenye tope, akalia.

"Inuka, unachafua gauni," Dedei alisema, huku naye akijifuta macho kwa mkono wenye unga. Akarudi kwenye mashine, akashika swichi, akasita. Aliwageukia wanawake.

"Asanteni," alisema kabla ya kuwasha, ili wasikie. "Lamiley, mahindi yako nayasaga mara mbili. Yatakuwa laini."

"Na ukuta wangu?"

"Fundi wa bomba namwita kesho. Toa kanga mdomoni."