Pumzi Kabla ya Wimbo

Watu walimwita fundi huyu Masikio, na si kwa sababu yalikuwa makubwa. Mtu akitaka kununua mashine ya CD ya kubeba mkononi, ile ya kusikiliza kwa hedifoni, alimpelekea kwanza aijaribu. Akisema nzuri, ni nzuri. Akisema takataka, hata kama inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, ni takataka, na hakuna aliyebishana naye mara mbili.

Alikuwa na namna yake. Alifunga mlango wa duka lake la ufundi, akazima feni hata kama joto linachemsha ubongo, akavaa hedifoni zake nzito zilizobanduka ngozi. Kisha akazima vikorombwezo vyote vya mashine. Kitufe cha kuzuia CD isiruke ukitembea nayo, alizima, maana mashine inayojiwekea akiba ya muziki huubana kwanza ndipo iupitishe, na ukishaubana, vitu vidogo vinapotea. Kitufe cha besi hakukigusa kabisa. Alisema besi ni pilipili nyingi kwenye mchuzi uliochacha, anayeihitaji ana jambo anaficha.

Baada ya hapo alitoa CD moja nyeupe, isiyo na maandishi, akaiweka.

Ilikuwa sauti ya marehemu mke wake. Aliirekodi mwenyewe chumbani kwao, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za mtaa, wao wawili tu. Mke aliimba bila chombo chochote, amesimama, naye fundi amekaa sakafuni na waya zake, karibu kiasi cha kumgusa goti. Kabla ya kuanza, mke alivuta pumzi. Pumzi fupi, kama ya mtu anayetaka kukuambia jambo. Mwaka uliofuata ugonjwa wa kifua ukamchukua.

Kwa hiyo Masikio alipima mashine zote kwa pumzi ile. Mashine mbovu iliizika kwenye mvumo wa umeme, ukasikia wimbo unaanza tu. Mashine ya wastani ilikupa nusu. Mashine nzuri ilikupa pumzi nzima, na ikiwa nzuri kwelikweli ulisikia hata midomo inavyofunguka. Hapo fundi alikaa kimya muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Wateja walidhani anapiga hesabu za kiufundi. Alikuwa anamtazama mke wake.

CD ile hakumpa mtu yeyote aisikilize. Alijiambia pumzi ile ilivutwa kwa ajili yake, yeye aliyekuwa amekaa pale chini.

Katika chumba cha nyuma ya duka alikaa mama mkwe wake. Alibaki kwake baada ya msiba, na hakuna aliyeuliza atahama lini. Masikio ya bibi huyu yalikuwa yanakufa polepole, na daktari alishasema hayana dawa. Walikuwa wanaongea kwa kupaza sauti hadi majirani wakajua wamekula nini.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, mama mkwe alisukuma sahani pembeni.

"Mwanangu, haya masikio yanafunga duka. Kabla hayajafunga, nataka kumsikia binti yangu. Najua unaye humo dukani."

Fundi akasema sawa, Mama, ila ngoja nikutafutie mashine nzuri. Hicho kilikuwa kisingizio, na wote wawili walijua, lakini bibi alikubali kwa kutikisa kichwa, na mtu akishakukubalia hivyo umekwisha.

Wiki ile rafiki yake mmoja, dereva wa lori, alikuwa amemwachia mfuko wa mashine kuukuu ili amchagulie moja ya kwenda nayo safari. Dereva huyu hakuwa na dogo. Alikuwa amezoea kumwambia, "Masikio, wewe husikilizi mashine, wewe unaziombea dua." Fundi alizipitia zote, akapata moja nzuri, nyembamba, kimya kama jiwe kabla muziki haujaanza. Akaichukua pamoja na CD, akaenda chumba cha nyuma.

Alimvalisha mama mkwe hedifoni kwa mikono yake. Akapandisha sauti taratibu. Bibi alifumba macho, akasubiri, akafumbua.

"Yuko mbali," alisema. "Kama yuko nyumba ya tatu na wamefunga madirisha."

Pumzi hakuisikia kabisa. Fundi akajaribu mashine nyingine, na nyingine, kila moja mbovu kuliko iliyotangulia, hadi ikabaki ile ya mwisho mfukoni, dude la plastiki nene ambalo dereva alilipenda na fundi alilidharau. Aliiweka tu ili asije akaambiwa hakujaribu. Mama mkwe akawa anapapasa vitufe akitafuta sauti, na kidole chake kikabonyeza besi.

Fundi alinyoosha mkono aizime. Bibi akamshika kiganja, akakibana.

"Baba yake anafanya nini humu?"

Fundi alidhani hakusikia vizuri. Akamwinamia, akamwambia kwa nguvu kwamba chumbani walikuwa wawili tu, yeye na mke wake. Bibi akatikisa kichwa kama unavyomtikisia mtoto anayekudanganya kuhusu sukari. Akaanza kuguna wimbo kwa sauti nzito, ya chini kabisa, akifuata kitu alichokuwa anakisikia. Akaeleza kwamba mume wake alikuwa mshona viatu, na alikuwa akiguna hivyo akiwa na misumari mdomoni. Binti alijifunza kuimba miguuni pake. Baba aliguna kwanza, mtoto akavuta pumzi, ndipo akaingia.

Mshona viatu huyo alifariki kabla fundi hajaijua familia ile. Sauti yake hakuwahi kuisikia.

Masikio akazichukua hedifoni, akavaa, akarudisha wimbo mwanzo. Besi ilikuwa imewashwa, takataka ile ilinguruma kama pipa. Na chini ya ngurumo, kabla ya kitu chochote, mwanamume alikuwa anaguna. Bila haraka, kama mtu yuko kazini. Aliguna kidogo, akatulia. Ndipo mke wake akavuta pumzi.

Fundi akavua hedifoni, akasema mashine imeharibika, akaondoka na kila kitu.

Alirudi dukani akakaa. Kilichomtetemesha hakikuwa maiti aliyeguna. Kilichomuuma ni kwamba miaka yote aliamini pumzi ile ni yake, kumbe mke alikuwa anasubiri mtu mwingine amwanzishie. Yeye pale chini na waya zake alikuwa kama fenicha.

Siku zilizofuata mama mkwe aliulizia mashine, naye akajibu bado naitengeneza. Kila alipoulizwa, ilibidi ajibu kwa sauti kubwa zaidi. Aliona kabisa masikio yanavyokwisha, na akaendelea kudanganya.

Dereva alipokuja kuchukua mashine yake, akamkuta amekonda uso, akambana hadi akasema. Hakusimulia yote, alisema tu kwamba CD ni moja na wanaoitaka ni wawili. Dereva akacheka, akamuuliza yeye ni fundi wa nini basi, si anakili, kila mtu achukue yake? Masikio alishawahi kuwaza hivyo zamani, akaona kama kumgawa mke. Sasa akafanya. Kompyuta ikanakili, ikasema CD zote mbili ni sawa, hakuna kilichopungua. Akampa dereva asikilize nakala kwenye lile dude, besi juu.

"Anaimba vizuri shemeji," dereva alisema. Kisha akakunja uso. "Ila anaanza ghafla. Kama amesukumwa."

Fundi alisikiliza mwenyewe. Wimbo ulikuwepo wote. Mguno haukuwepo, na pumzi haikuwepo. Akaweka ile ya asili kwenye mashine nyembamba, ile nzuri, akazima kila kitu kama alivyozoea. Kimya, halafu wimbo. Pumzi aliyoisikiliza miaka yote imeondoka. Akarudia hadi kidole kikauma. Akaihamishia kwenye takataka, akabonyeza besi, na mzee akaguna, na pumzi ikaja.

Akaelewa. Mke alikuwa anakuja kwa kuitwa, na anayejua kumwita si yeye.

Akamwambia dereva achukue ile nyembamba, hili dude abaki nalo yeye. Dereva akasema leo dunia imegeuka, Masikio anagombea takataka, akatoka kwenda kusogeza lori lililoziba njia.

Fundi alienda chumba cha nyuma. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, na hakugeuka mlango ulipofunguliwa. Akamgusa bega. Akasema, Mama, mashine imepona, nisamehe nimechelewa. Bibi alimtazama midomo, akasema, "Sikusikii, mwanangu. Tangu jana sisikii."

Fundi alimvalisha hedifoni hivyo hivyo, akapandisha sauti hadi mwisho, besi hadi mwisho, plastiki ikawa inatetemeka kwenye shuka. Bibi alikaa. Hakuna kitu. Kisha akazivua, akaibandika moja kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akaikandamiza kwa kiganja kama mtu anayezuia damu. Akasubiri. Uso wake ukafunguka.

Akaanza kuguna.

Aliguna kwa sauti ya chini mno kwa mwanamke, bila haraka, macho yameelekea mlangoni. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, hana hedifoni. Mashine ilikuwa upande wa pili wa kitanda. Bibi akatulia. Na karibu na sikio la kushoto la fundi, karibu kabisa, mtu akavuta pumzi.

Hakugeuka. Alijua akigeuka ataona ukuta.

Nje dereva alipiga honi, mara ya kwanza kwa utani, ya pili kwa hasira, ameshaziba barabara na hajui mashine yake iko rafu gani. Fundi hakunyanyuka. Mama mkwe alibonyeza wimbo urudi mwanzo, akakandamiza tena mfupa wake, akaanza kuguna, naye fundi akainamisha kichwa na kunyamaza, kama fenicha.