Mafundo Mawili

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja wake. Nguo aliyoikunja yeye ungeivaa ikachakaa, ikawa tambara la kupigia deki, na pindo likabaki vilevile. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akishona sare za shule, yeye na mafundi wake watatu, ndani ya chumba kimoja chenye madirisha mawili. Sasa shule sita zilikuwa tayari kumpa kazi ya kutia nembo kwenye masweta, ila lazima awe na mashine ya kudarizi. Akiikosa, kazi inakwenda kwa mwingine, na mafundi wawili ingembidi awaachishe kazi.

Mashine ilipatikana ng'ambo. Fundi mmoja mzee alikuwa anafunga duka lake, akaitoa kwa nusu ya bei ya mpya. Alisema atamwekea Mama Pindo mpaka Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo anamuuzia anayefuata.

Basi nyumbani kukawa hakukaliki. Mumewe alitaka abebe noti tupu.

"Kadi ni kipande cha plastiki," alisema. "Ikigoma huko utamlilia nani?"

Mdogo wake Mama Pindo, aliyekuwa aende naye kwa sababu anaijua lugha ya huko, alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu walimwita Bwana Kadi, kwani alijisifu kuwa ana mwaka wa tatu hajagusa noti.

"Dada, siku hizi anayetembea na noti anatafuta kuibiwa. Mimi mfukoni sibebi hata shilingi."

Mama Pindo hakubishana na yeyote. Alikwenda benki, akawaambia anasafiri lini na anakwenda wapi, akauliza kadi yake inaruhusiwa kulipa kiasi gani kwa siku. Kikawa nusu ya bei ya mashine. Nusu ya pili akaibadilisha kuwa noti za huko, akajifungia chumbani, akazishona ndani ya pindo la koti lake jeusi. Alishona kama alivyozoea, kila noti na kijifuko chake, kila kijifuko na mafundo mawili. Noti arobaini. Mkasi wake mdogo akautia kwenye mkoba, na uwanja wa ndege wakauchukua.

Walitua Jumamosi asubuhi. Mbele ya duka la mzee, Bwana Kadi akachomoa kadi yake kwa madaha amlipe dereva wa teksi. Ikakataa. Akaipangusa kwenye shati, ikakataa tena. Hakuwa amewaambia benki kuwa anasafiri, nao walipoona kadi inatumika ugenini wakaifunga. Alipiga simu, akawekewa muziki. Mama Pindo akafungua pochi, akalipa kwa noti ndogo alizobadilisha uwanjani, bila kumtazama.

Dukani walimkuta mwanamume wa viatu vya kung'aa amekalia kiti, anaangalia saa yake. Huyo ndiye aliyekuwa anafuata. Ilikuwa saa tano na nusu.

Mzee akaleta kimashine cha kadi. Kikauliza: ulipe kwa fedha ya kwenu au ya hapa?

"Bonyeza ya kwetu, dada, ujue umelipa ngapi," alisema Bwana Kadi.

"Benki wameniambia hapo ndipo watu wanapochunwa, kwa kubadilishiwa fedha kwa bei mbaya," alisema Mama Pindo. Akabonyeza ya kwao.

Nusu ya kwanza ikapita. Mama Pindo akavua koti, akalitandaza mezani, akatafuta mkasi wake kwenye mkoba. Ndipo alipokumbuka.

Mwenye viatu akatoa kisu cha mfukoni, akatabasamu, akasema neno.

"Anasema ukate tu," Bwana Kadi alitafsiri.

"Mwambie ahsante. Kisu kitakata na noti."

Mzee akampa kidude cha kufumulia nyuzi, naye akainama. Fundo la kwanza likamsumbua dakika nzima. La pili pia, kabla mkono haujazoea. Jasho lilimtoka, na kwa mara ya kwanza maishani alijilaumu kwa kushona vizuri. Bwana Kadi akapiga magoti sakafuni, akavuta kitambaa kikaze. Zilipobaki dakika kumi, noti ishirini na tatu tu ndizo zilizokuwa mezani.

Mzee akavaa miwani. Akashika ncha ya pindo, akalitazama fundo, akaligeuza, akalitazama tena. Kisha akachukua kidude kingine, akavuta kiti, akaanza kufumua kutokea upande wa pili. Mwenye viatu akasimama akilalamika. Mzee akamjibu bila kuinua kichwa.

"Amesema nini?" aliuliza Mama Pindo.

"Amesema dukani kwake anamsaidia amtakaye. Na kwamba hajaona mkono kama wako tangu mama yake afariki."

Noti ya arobaini ilitoka saa sita kasoro dakika mbili. Mama Pindo akazipanga, mzee akahesabu, akampa mkono. Mwenye viatu akaondoka bila kuaga. Mama Pindo akaweka kiganja juu ya mashine, akacheka kwa sauti peke yake, na hakuona haya hata kidogo. Mzee akamwongezea boksi zima la nyuzi na sindano, bure.

Nje, Bwana Kadi alikohoa.

"Dada, nina njaa. Na sina hata ya maji."

"Vua koti."

Akalivua. Dada yake akaketi kwenye ngazi za duka, akatoa noti tatu pochini, akatunga sindano mpya, akakunja pindo.

"Mafundo mawili?" aliuliza Bwana Kadi kwa unyonge.

"Wewe nakupigia matatu," alisema Mama Pindo. "Chakula nitanunua mimi."