Regyuleta ya Mwanyumba

Fundi Miwani alikuwa na kaa wa plastiki juu ya meza ya kulia chakula. Kazini alisaga lenzi. Nyumbani alitengeneza roboti huyo wa miguu sita, kila mguu ukichezeshwa na mota ndogo mbili za servo. Jumamosi kaa alitakiwa kutembea mbele ya watu kwenye maonyesho ya chama chao cha watengeneza roboti, na mpaka sasa hakuwa amekwenda hata shibiri moja. Akiwashwa anainuka, anatetemeka kama mwenye homa, kisha puu! Kifudifudi.

Miwani alikuwa na mtuhumiwa mmoja tu: mwanyumba wake, fundi wa lifti, mume wa dada wa mkewe. Tangu waoe nyumba moja, wawili hao walishindana kwa kila kitu, hata kwa nani anamchekesha zaidi baba mkwe. Mwaka huu mwanyumba alikuwa na roboti mbwa. Na majuzi alikuja kusalimia, akamshika kaa, akamgeuza tumbo juu, akatabasamu.

"Alitabasamu nini?" Miwani alimuuliza mkewe kwa mara nyingine.

"Mume wangu, watu hutabasamu."

"Yule hatabasamu bure."

Ndipo shemeji yake, mke wa mwanyumba, alipopita na kikopo kidogo cha bati. Ndani mlikuwa na regyuleta, kile kipande kinachoshusha umeme wa betri ufikie kiwango cha servo. Kubwa, nzito, yenye skrubu ndogo ya shaba pembeni. Zawadi kutoka kwa mwanyumba.

Miwani aliizungukazunguka kama paka aliyewekewa samaki asiyemjua. Mshindani wako akupe silaha wiki ya vita? Kikulacho ki nguoni mwako. Badala ya kuifunga, aliiunga na betri peke yake, akaweka mita.

Volti nane na nusu.

Servo zake zilikuwa za volti sita. Angewasha tu, zote kumi na mbili zingetoa moshi.

"Njoo uone!" alimwita mkewe, sauti ikimpanda. "Njoo uone shemeji yako anavyonipenda!"

Hakungoja jibu. Alimpigia simu mwanyumba, akamwambia aje sasa hivi, na mwanyumba akaja na ovaroli yake ya kazini, grisi bado iko mikononi.

"Ulitaka kuniunguzia servo," Miwani alisema kabla mgeni hajaketi.

Mwanyumba aliitazama mita, kisha akamtazama mke wa Miwani. "Shemeji, hukumwambia?"

Mama wa watu akajishika kichwa. "Dada aliniagiza! Apime kwanza, azungushe skrubu mpaka sita. Nikaanza kukuambia, baba, wewe ukaniuliza dada alipoleta kikopo alikuwa na uso gani. Nikasahau."

Miwani aliwatazama wote wawili. Je, wamepanga? Lakini mkewe alikuwa amejaa haya kweli, na haya ya mkewe aliijua.

"Mbwa wangu anakula nane na nusu," mwanyumba alisema. "Hiyo ilikuwa akiba yake. Sasa shika hapa." Akawasha kaa na regyuleta ya zamani, ile nyembamba ya miguu mitatu. Miwani akaigusa, akaruka.

"Betri yako ni volti kumi na mbili, hiyo inatoa tano. Saba zinakwenda wapi? Zinageuka moto. Halafu inabeba ampea moja tu. Servo zote zikiinua mwili kwa pamoja zinataka kumi. Inazidiwa, inajizima, kaa anazimia. Hii yangu haiugeuzi umeme kuwa moto hivyo, na inabeba mzigo."

"Uliliona lini?"

"Siku ile nilipomgeuza."

"Ukanyamaza!"

"Nikanyamaza," mwanyumba alikiri. "Siku mbili tatu hivi. Usinilaumu, ilikuwa tamu. Halafu mke wangu akaniuliza naringia nini, nikamwambia, akaninunia mpaka nikaitoa."

Kwa hiyo lile tabasamu halikuwa la bure! Miwani alishikwa na aibu na furaha kwa pamoja, asijue aanze na ipi. Akanyoosha bisibisi ndogo ya miwani, na mwanyumba akazungusha ile skrubu polepole, mita ikishuka: nane, saba, sita. Wakaunga nyaya. Kaa akainuka, akasita, akatembea meza nzima, na Miwani akamdaka ukingoni.

"Samahani, mwanyumba," alisema, akimtazama kaa.

"Nami samahani," mwanyumba alijibu, akimtazama kaa vilevile.

Jumamosi kaa alitembea, mbwa akatembea, na zawadi ya kwanza ikachukuliwa na mama mmoja mwenye roboti ndege. Gari la mwanyumba likagoma kuwaka, naye akaomba apelekwe nyumbani. Miwani akamfungulia mlango wa nyuma kwa heshima zote. Kiti cha mbele alikuwa ameshamkalisha kaa, kamfunga na mkanda.