Mficha Nafuu

Agata alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakina cheti: alijua kujibu maswali. Katika miaka kumi na minne ya kambini, kule Kibondo, alikaa mbele ya wasaili mara saba, na mara zote saba alisema maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: walitoka nyumbani Burundi saa ngapi, mlango ulielekea upande gani, nani alilia kwanza. Majirani waliongeza chumvi, wakajikanganya, kesi zao zikafungwa. Yake haikufungwa. Ndiyo iliyowaleta Marekani yeye na mdogo wake Spés, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na Agata hakuwa mtu wa kuacha wengine wasahau jambo hilo.

Sasa ilikuwa mwaka 2015. Agata alikaa Louisville, mtaa wa Beechmont, akipanga maboksi ghalani. Spés alikuwa Buffalo na mumewe Jovini, wote wawili wafanyakazi wa kiwanda kimoja huko Tonawanda. Na uso wa Spés ulikuwa unaharibika.

Ilianza na doa jekundu shavuni, ungedhani kapigwa kofi. Likaja la pili, la tatu, yakaungana juu ya pua, yakapanda kichwani, na kila yalipopita nywele ziling'oka zisirudi. Madaktari wakasema ni lupus ya ngozi: kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, imemgeukia mwenye mwili. Jua likimpiga dakika kumi tu, hata lile linalorudi kutoka kwenye theluji, ngozi inawaka na kupasuka. Wakampa vidonge ambavyo ni ndugu wa klorokwini, ile dawa ya malaria iliyokuwa ikiwawasha watu kambini mpaka wanajikuna kwa vigae. Agata aliposikia alicheka kwenye simu, kicheko kisicho na furaha. "Kwani Buffalo kuna mbu?" Vidonge havikufaa kitu. Mafuta ya kupaka hayakufaa, na mfungo wa siku saba pamoja na wanawake wa kanisa haukufaa pia.

Kiwandani wenzake walihamia meza nyingine ya kulia chakula. Kanisani wale wale waliofunga naye wakaanza kumsalimia kwa kumpungia mkono kwa mbali, na mmoja alisikika akisema ukoma. Kisha siku moja binti yake wa miaka mitano, Irakoze, aligeuza shavu asibusiwe. Siku hiyo Spés alimpigia dada yake. Hakulia.

"Dada," alisema, "nimechoka kuwa na uso."

Agata alikaa sakafuni palepale jikoni.

Aliyeleta habari ya dawa mpya ni binamu yao Sylveri, anayekaa Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, na kutunza wazee. Aliona tangazo kwenye kliniki alikompeleka mzee wake: wanatafutwa wagonjwa wa lupus ya ngozi wa kujaribiwa dawa ambayo bado haijauzwa popote. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, kwa wiki ishirini na nne. Columbus iko katikati ya njia. Agata angekuja kwa basi kutoka Louisville, Spés kutoka Buffalo akiwa na kofia pana na glovu, nao wangelala kwa Sylveri.

Karatasi za kutia sahihi zilikuwa kurasa ishirini na mbili. Mkalimani, Mkenya mstaarabu aliyekuwa sauti tu ndani ya simu, alizisoma zote bila kuchoka. Nusu ya washiriki watapewa dawa, nusu watapewa vidonge vya unga mtupu, na hakuna atakayejua nani kapewa nini, hata daktari. Agata alisikiliza, lakini sikio lake lilikuwa likiwinda neno moja. Likaja: mshiriki anaweza kutolewa. Baada ya hapo hakusikia tena. Ukurasa wa kumi na saba ulipita hapo hapo, na tutaufikia.

Kila Ijumaa nesi, mama mmoja mnene aitwaye Denise, aliuliza maswali matatu kabla daktari hajaingia. Kuwashwa, kutoka sifuri mpaka kumi, ni ngapi? Maumivu ni ngapi? Ni siku ngapi za wiki umejifungia ndani? Siku ya kwanza Spés alijibu kweli tupu: tisa, nane, saba.

Walipofika kwa Sylveri, Agata alimshika mdogo wake mkono. "Umesikia ulichosema? Tisa, nane, saba. Shika hapo hapo."

"Na nikizidiwa?"

"Tisa, nane, saba."

Wiki ya sita Spés aliingia jikoni kwa Sylveri, akafunga mapazia, akavua kitambaa kichwani. Agata alikuwa anamenya ndizi, akaacha kisu. Vidonda vya shavuni vilikuwa vimekauka. Wekundu wa puani ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai ya maziwa. Juu ya sikio la kushoto, mahali palipokuwa na upara mtupu, palikuwa na vinyweleo, vifupi, laini, na Agata alivigusa kwa ncha ya kidole mara moja, kisha mara ya pili, kisha akamkumbatia mdogo wake hata maganda ya ndizi yakaanguka chini.

"Sikupewa unga, dada," Spés alisema, na alikuwa anacheka. "Nalala. Nalala mpaka asubuhi! Kuwashwa ni mbili tu, siku ya jua tatu. Na Jumapili Irakoze amenibusu, mwenyewe, bila kuombwa."

Agata alilia. Alimshukuru Mungu kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza chake kidogo. Kisha, macho yakiwa bado yana maji, hofu ikamshika.

"Kesho utasema tisa," alisema.

"Lakini si kweli tena."

"Umesahau uji?"

Spés hakuwa amesahau. Alipokuwa na miaka sita alikonda mpaka magoti yakawa makubwa kuliko mapaja, akaandikishwa kituo cha lishe, akapewa uji wa maziwa kila asubuhi. Akanenepa. Siku mizani ilipofika mstari wao, walichukua kadi yake, na uji ukaishia hapo. Mwezi haukupita akawa amekonda tena. Alipoandikishwa mara ya pili, Agata alikuwa amejifunza: siku ya mizani mtoto hali kitu, hanywi hata maji. Kwa njia hiyo alikula uji wa maziwa miezi minane, na ndiyo maana alikuwa hai.

"Dawa ni ya wagonjwa," Agata alisema. "Wakisikia umepona watakuambia hongera, nenda nyumbani, kopo la vidonge watampa mwingine. Na ukibadilisha maneno watauliza ulidanganya lini, siku ile au leo. Mimi nimekufikisha hapa, mdogo wangu. Niamini."

Wahenga walituachia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuhusu mficha nafuu hawakusema neno, pengine kwa sababu hawakuwahi kumwona mjinga wa aina hiyo. Lakini Agata hakuwa mjinga. Alikuwa anatumia akili ile ile iliyomwokoa mtoto, katika nchi ambayo mizani yake inasomwa kinyume.

Basi Ijumaa ile Spés akasema tisa. Denise aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Tisa? Bado?" Spés akamtazama dada yake, kisha akarudia. Daktari, mzee mrefu mwenye mikono baridi, alimkagua kwa lenzi, akasema anaona dalili nzuri ingawa makovu ya zamani yanamchanganya kidogo. "Una uhakika unawashwa hivyo?" aliuliza kupitia simu. Agata ndiye aliyejibu. Wiki ya nane ikawa tisa, nane, saba. Wiki ya kumi ikawa hivyo hivyo, na safari hiyo Spés aliyasema akitazama sakafu. Kwenye gari la Sylveri hakuongea na mtu. Agata alidhani ni uchovu wa safari.

Wiki ya kumi na mbili daktari aliingia mikono mitupu. Kila mara aliingia na kopo jipya, na Agata aliliona pengo hilo kabla mtu hajafungua mdomo.

Daktari alieleza polepole, akisubiri simu itafsiri. Ukurasa wa kumi na saba. Ikifika wiki ya kumi na mbili, anayeonyesha nafuu anaendelea mpaka mwisho, na baada ya hapo anapewa dawa yenyewe mwaka mzima. Asiyepata nafuu anatolewa, maana si haki kumlisha mgonjwa kitu kisichomsaidia. Nafuu hupimwa kwa ngozi na kwa majibu ya mgonjwa, vyote viwili. "Ngozi yako imesogea," alisema, "lakini majibu yako hayajasogea hata hatua moja tangu siku ya kwanza. Nasikitika sana."

Agata alisimama. "Amepona," alisema. "Mwambie amepona! Anawashwa mbili. Mimi ndiye niliyemwambia aseme tisa. Alidanganya, nilimfundisha mimi."

"Mama," mkalimani akasema, "nitafsiri hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Ikatafsiriwa. Denise alifunika mdomo kwa kiganja. Daktari alivua miwani, akawa anaifuta muda mrefu bila sababu.

"Nakuamini," alisema. "Lakini majibu ni yale yaliyoandikwa siku ile. Nikiyabadilisha leo, baada ya nyinyi kujua kwamba yanamtoa, hakuna atakayeniamini mimi. Wala hakuna atakayemwamini yeye."

Agata alilielewa hilo kuliko mtu yeyote chumbani. Alishawahi kuwaona watu wazima wakikimbia nyuma ya gari la wasaili wakipiga kelele kwamba sasa watasema kweli. Hata hivyo alipiga magoti. Alipiga magoti kwenye sakafu ya kliniki, akapiga makofi taratibu ya kuomba, kama anavyoombwa mkubwa, akasema nitoeni uhai mimi, nipeni adhabu mimi, huyu msimnyime. Daktari alirudi nyuma hatua mbili, hajui aweke wapi mikono yake.

"Dada, inuka," Spés alisema.

"Niache."

"Inuka, dada. Toka nje."

Agata aligeuka, akidhani hakusikia vizuri. Spés alikuwa ameketi wima pembezoni mwa kitanda, kitambaa kikiwa mapajani, kichwa wazi mbele ya watu wote.

"Nataka kuongea na daktari," alisema. "Mimi mwenyewe. Tafadhali toka."

Katika maisha yao yote hakuwahi kumwambia hivyo. Agata alitoka kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Kwenye korido palikuwa na kiti kimoja cha plastiki, akakaa. Maneno hayakupenya mlango, sauti tu ndiyo iliyopenya, ya mdogo wake, ikisema, ikisimama kungoja simu, ikisema tena. Hakujua kwamba Spés ana maneno mengi kiasi hicho. Alijichukia, kisha akamkasirikia Spés, kisha akaanza, polepole, kutumaini, maana mtu hasikilizwi muda mrefu hivyo kwa kitu kilichokwishaamuliwa. Saa ya ukutani ilitembea dakika arobaini.

Spés alipotoka alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Wamekurudisha?"

"Hapana."

"Sasa mlikuwa mnaongea nini muda wote huo?"

"Nimewaeleza kila wiki ilivyokuwa. Nililala lini, nilianza kutoka nje lini, nywele ziliota lini. Daktari ameandika yote kwenye karatasi ya pembeni. Anasema haitaingia kwenye hesabu yao, lakini wenye dawa wataisoma."

"Itakusaidia nini wewe?"

"Mimi haitanisaidia." Spés alianza kuvaa glovu, kidole kimoja kimoja. "Dawa ilikuwa nzuri, dada, na sisi tumeisingizia. Kuna wengine wanaingoja."

Agata, aliyewahi kuwa na jibu kwa kila swali la kila ofisi, alimshikia kofia.

"Kasema ikitoka mwilini madoa yatarudi," Spés aliendelea. "Wiki tatu, akikisia sana nne. Kwa hiyo silali kwa Sylveri leo. Anipeleke stesheni sasa hivi, kuna basi la saa nane."

"Angalau ule kwanza. Unakimbilia nini?"

"Irakoze," Spés alisema. "Bado ananibusu."